Hayati Hukwe Zawose: Manju Aliyefanywa Mwalimu wa Taifa

Na Mwandishi Wetu

KATIKA vijiji vya Shinyanga na Geita, mavuno yanapomalizika na nafaka kuingia ghalani, huanza msimu wa ngoma. Makundi mawili makongwe ya Usukuma, Bagika na Bagalu, hukutana uwanjani kwa mashindano, na kanuni yake ni ile ile iliyorithiwa kwa wazee: pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja, watazamaji huwa huru kuhama huku na huko, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Anayebeba jukumu hilo ni kiongozi wa ngoma, ambaye Wasukuma humwita ningi na ambaye Kiswahili humwita manju. Yeye hutunga nyimbo, huziimbisha, huwafundisha vijana hatua na mikao, na hulaumiwa umati unapomkimbia. Kazi hiyo ni ya ualimu. Ila mwalimu huyu hana darasa wala cheti, na jina lake halimo katika orodha yoyote ya watumishi.

Makala hii inamhusu msanii wa namna hiyo ambaye Serikali ilimwita, ikampa nafasi na ikamweka mbele ya wanafunzi. Hakuwa Msukuma. Alikuwa Mgogo kutoka Dodoma, na kazi yake kubwa aliifanyia Bagamoyo, mkoani Pwani. Jina lake ni Hukwe Ubi Zawose, aliyefariki dunia tarehe 30 Desemba, 2003. Maisha yake yanawagusa wananchi wa Shinyanga na Geita kwa sababu yanajibu swali ambalo huko huulizwa kila manju mzee anapozikwa: je, ujuzi wa mtu asiyepita shuleni unaweza kuingizwa shuleni bila kupotea?

Hukwe alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1930 katika jamii ya wafugaji na wakulima wa mtama na uwele. Mazingira hayo hayatamshangaza msomaji wa Kishapu: ardhi kavu, mvua za kusuasua, ng'ombe wakiwa ndio akiba ya familia, na mtoto wa kiume akikabidhiwa fimbo ya kuchungia mapema. Malisho ndiyo yaliyokuwa chuo chake cha kwanza. Mchungaji hukaa na mifugo kutwa nzima, na katika Ugogo saa hizo ndefu zimezaa mafundi wengi wa zeze, filimbi na marimba.

Hapa inafaa kueleza ala hizo, kwa kuwa wengi wamezisikia redioni bila kuziona. Marimba ya Kigogo, ambayo wenyewe huiita ilimba, haifanani na ile ya vibao vinavyogongwa kwa virungu. Ni kisanduku cha mbao chenye vipande vyembamba vya chuma vilivyopangwa juu yake, na mpigaji huvibonyeza kwa vidole gumba. Kisanduku hutobolewa tundu, na tundu hilo huzibwa kwa utando wa buibui ili kila mlio ufuatwe na mvumo mdogo kama wa nyuki. Zeze nalo ni kibuyu chenye mpini na nyuzi, hupigwa kwa upinde. Wapigaji wengi huridhika na nyuzi chache na vyuma vichache. Hukwe aliongeza nyuzi kwenye zeze, akaongeza vyuma kwenye marimba, hata ala zake zikawa kubwa kuliko zile alizozikuta. Alipoketi kupiga, mara nyingi alifunga njuga miguuni, akaimba huku mikono na miguu ikifanya kazi tofauti. Sauti yake ilishuka hadi kwenye mkoromo wa kifuani, kisha ikapanda hadi pale ambapo msikilizaji angedhani ni mwanamke anayeimba.

Kipaji hicho kingeweza kubaki Dodoma, kama vipaji vingi vilivyobaki katika vijiji vyao, lau si mwelekeo ambao Taifa lilichukua mara baada ya Uhuru. Tarehe 10 Desemba, 1962, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alipohutubia kama Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa wizara yenye dhamana ya utamaduni wa taifa na vijana. Alisikitika kwamba wasomi wa nchi walizijua dansi za Ulaya na Amerika kuliko gombe sugu au lele mama, na akaitaka wizara hiyo itafute yaliyo bora katika mila za makabila yote na kuyafanya mali ya Taifa zima. Katika moyo huo, Mwalimu alipopata habari za Hukwe alimwalika Dar es Salaam kuishi na kufanya kazi ya muziki. Mpiga zeze wa kijijini akawa msanii wa Taifa.

Kwa mtu wa leo jambo hilo laweza kuonekana dogo. Lakini utawala wa kikoloni uliotangulia haukuwa na nafasi ya ajira kwa mtu ambaye sifa yake pekee ilikuwa kupiga marimba vizuri. Aliyejua kupiga ngoma aliitwa kutumbuiza wageni, kisha akarudi shambani kwake. Kumpa msanii wa jadi kazi ya kudumu kulikuwa ni kutamka kwamba anachokijua ni taaluma.

Vikundi vya sanaa vya Taifa viliundwa kimoja baada ya kingine: kikundi cha ngoma katika miaka ya mwanzo ya Uhuru, kikundi cha sarakasi mwaka 1969 baada ya vijana wa Kitanzania kurejea kutoka mafunzoni China, na kikundi cha maigizo mwaka 1974. Vikundi hivyo vilisafiri na kupokea wageni wa Serikali. Hata hivyo vilikuwa na udhaifu mmoja uliodhihirika mapema: viliweza kuonyesha, ila havikuwa na njia pana ya kurithisha. Msanii alipozeeka, alizeeka na ujuzi wake. Ndipo mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na wasanii wa vikundi vile wakageuka kuwa walimu. Hukwe Zawose alikuwa miongoni mwa waliohamia mji huo wa pwani, na huko ndiko alikokaa hadi mwisho wa maisha yake.

Msomaji wa Kanda ya Ziwa ana sababu yake ya kuujua mji huo. Katika karne ya 19, Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ndefu ya misafara iliyotoka Tabora ikipita katikati ya Ugogo. Wapagazi wengi katika njia hiyo walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, wakibeba pembe za ndovu begani kwa miezi kadhaa, na kupita katika nchi ya Wagogo kulikuwa na ushuru wake, ulioitwa hongo. Utani uliopo hadi leo baina ya makabila hayo una mizizi katika safari zile. Karibu miaka mia moja baadaye, ngoma za Unyamwezi, Usukuma na Ugogo zilishuka kwa njia ile ile hadi Bagamoyo, safari hii zikibebwa na walimu na wanafunzi.

Chuo kilifundisha ngoma, muziki, maigizo, sarakasi na sanaa za uchoraji. Ngoma za Usukuma zilipata nafasi ya pekee, hasa bugobogobo, ngoma ya majembe iliyotokana na vikundi vya kulima kwa ushirikiano. Kijana wa Kilwa au wa Songea alijifunza kuzungusha jembe, kulirusha na kulidaka kwa mwendo wa ngoma kubwa, jambo ambalo kijana wa Maswa au Shinyanga Vijijini alilipata kwa kulima pamoja na shemeji na majirani. Leo vikundi vya sanaa mijini, hata visivyo na Msukuma mmoja, huicheza bugobogobo kwenye sherehe za kitaifa, na sehemu ya sababu ni kazi ya chuo kile.

Hapa mwandishi anakiri kuwa na shaka kidogo. Bugobogobo ya jukwaani ni fupi na haina shamba. Hakuna tuta linalosubiri, na mchezaji hapimwi kwa eneo alilolima. Wazee wa Usukuma wanaoitazama huweza kucheka. Ngoma inayong'olewa katika kazi yake hubadilika, na hilo halina budi kusemwa hata na wanaokitetea chuo. Tatizo hili hili lilimkabili Hukwe kwa upande wa muziki wa Kigogo, na namna alivyolikabili ndiyo sehemu ya maisha yake inayostahili kuchunguzwa kuliko safari zake zote za ng'ambo.

Muziki wa Kigogo una mpangilio wa sauti usiolingana na ule wa kinanda au gitaa. Ukiugusa uzi wa zeze kwa wepesi katika sehemu mbalimbali bila kuukandamiza, hutoa milio ya juu ambayo ni maumbile ya uzi wenyewe. Milio hiyo ya asili ndiyo msingi wa nyimbo za Kigogo, na waimbaji wengi wanapoimba pamoja hupanga sauti zao juu ya msingi huo. Mwanafunzi aliyezoea nyimbo za kanisani au za bendi, anaposikia kwa mara ya kwanza, huona baadhi ya sauti ziko nje ya mstari. Ipo njia nyepesi ya kuondoa usumbufu huo: kurekebisha marimba ifanane na kinanda, ili iweze kupigwa pamoja na ala yoyote. Wengi duniani wamefanya hivyo na ala zao za jadi, na pole pole sauti za zamani zimesahaulika.

Hukwe alipanua ala zake bila kuziacha sauti zake za asili. Aliongeza nyuzi na vyuma, akatunga nyimbo mpya kwa Kigogo na kwa Kiswahili, akaimba kuhusu Taifa na maisha ya wakati wake, lakini sikio la Kigogo alilibakiza mahali pake. Mwanafunzi ndiye aliyetakiwa kusogea. Elimu ya zeze haina daftari: mwenye kujifunza huketi karibu na fundi, husikiliza, hujaribu, hukosea, husikiliza tena. Ni njia ya polepole, isiyokaa vizuri katika ratiba ya vipindi. Ila ndiyo njia ile ile anayoitumia ningi wa Usukuma na vijana wake, na ilipoingia katika chuo cha Serikali ilipata heshima ambayo haikuwa nayo kabla.

Darasa lake jingine lilikuwa nyumbani. Hukwe alikuwa baba wa familia kubwa, na Bagamoyo ua wake ulijaa watoto, wapwa na jamaa waliopiga, kuimba na kucheza pamoja naye. Kutokana na familia hiyo lilitokea kundi lililojulikana kwa jina la Chibite. Ukifuatilia waliorithi kazi yake, utaona mikondo miwili: wanafunzi wa chuo waliosambaa nchini, na damu yake mwenyewe. Kwa maoni ya mwandishi, mkondo wa pili ndio ulioshika ufundi wa ndani zaidi, na hilo halikishushii chuo hadhi. Linaonyesha tu kwamba miaka michache ya masomo hailingani na utoto mzima.

Sifa za nje ya nchi zilimjia akiwa tayari mtu mzima. Mwaka 1985 ilitoka Uingereza albamu ya Tanzania Yetu, akiwa pamoja na wasanii wenzake wa Tanzania, ikafuatiwa na Mateso. Kampuni ya Japani nayo ilirekodi kazi zake, na Wajapani wakawa miongoni mwa wasikilizaji wake waaminifu. Baadaye alijulikana katika matamasha ya WOMAD, yaliyoanzishwa mwaka 1982 na mwanamuziki Peter Gabriel pamoja na wenzake, na mwaka 1996 studio ya Real World huko Uingereza ilitoa albamu yake ya Chibite. Mwanzoni mwa karne hii zikafuata Mkuki wa Rocho, aliyoifanya na mpwa wake Charles Zawose, na Assembly, aliyoifanya pamoja na mpiga gitaa Michael Brook.

Matamasha hayo yana sifa moja ambayo Msukuma angeitambua bila kuelezwa. Majukwaa huwa kadhaa, wasanii hupiga kwa wakati mmoja, na watazamaji hutembea. Asiyependezwa huondoka taratibu na kwenda jukwaa la jirani. Ni Bagika na Bagalu katika uwanja wa nyasi za Ulaya. Mzee kutoka Ugogo, akiimba lugha ambayo hakuna hata mmoja mbele yake aliyeifahamu, aliketi na marimba yake na watu wakabaki. Mwaka 2002 Hukwe na Charles walifungua maonyesho ya Peter Gabriel katika ziara yake ya Amerika ya Kaskazini, wakiwa wawili tu na ala zao mbele ya maelfu waliokuwa wamelipa kumwona mtu mwingine.

Miaka hiyo hiyo, masikio ya Watanzania wengi yalikuwa yameelekezwa Kanda ya Ziwa kwa jambo tofauti. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita, wakati huo wilaya ya Mkoa wa Mwanza, ulianza uzalishaji mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, mwaka 2001. Vijana kutoka kila pembe ya nchi walimiminika kwenye migodi na machimbo madogo. Makambi ya wachimbaji yakawa na muziki wake: redio za kaseti, disko, na jioni nyingine ngoma za watu waliotoka mbali na kwao. Si haki kusema kwamba dhahabu iliua ngoma. Machimbo yaliwakutanisha Wasukuma, Wasumbwa, Wazinza, Waha na wengine, na mikutano ya namna hiyo siku zote huzaa nyimbo. Kilichopungua ni ule muda wa kuketi karibu na fundi. Kijana aliyekuwa akikaa misimu mitano chini ya ningi mmoja, sasa msimu mmoja yuko Nyarugusu, mwingine Kakola, na wa tatu hajulikani aliko.

Kwa sababu hiyo swali la manju na chuo si la kumbukumbu tu. Mfumo wa elimu wa sasa unapima walimu kwa vyeti, na una sababu nzuri za kufanya hivyo, kwani bila viwango kila mtu angejiita mwalimu. Hata hivyo Hukwe Zawose hakupata nafasi yake kwa cheti. Alipata kwa sababu wenye mamlaka walimsikia akipiga, wakaamini masikio yao. Serikali inao utaratibu, kupitia Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na mafundi wengi wa fani mbalimbali wamepimwa na kupewa vyeti kwa kile walichojifunza kazini. Namna ya kumpima manju ni jambo gumu zaidi, maana kazi yake haionekani kama ukuta uliojengwa au gari lililotengenezwa. Wasukuma tayari wana kipimo chao: umati. Labda si kipimo cha kudharauliwa. Maofisa utamaduni wa halmashauri za Shinyanga na Geita, wanaohudhuria mashindano hayo kila kiangazi, wanawajua kwa majina wale ambao umati hauwakimbii.

Chuo chenyewe kimepitia mabadiliko. Mwaka 2002 moto uliunguza ukumbi wake wa maonyesho, pigo kubwa kwa taasisi iliyotegemea jukwaa hilo kwa mafunzo na kwa tamasha lake la kila mwaka. Ukumbi ulijengwa upya baadaye, na mwaka 2007 chuo kikawa wakala wa Serikali kwa jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Hukwe hakuyaona mabadiliko hayo. Alifariki akiwa na umri wa miaka 60 na kitu, siku mbili kabla ya mwaka 2004 kuanza. Charles, ambaye wengi walimtazamia kuwa mrithi wake wa karibu, alimfuata mwaka 2004, na kwa muda ilionekana kama mnyororo umekatika mahali pabaya kabisa.

Haukukatika. Mwanawe Msafiri Zawose aliendelea kutunga na kurekodi, na mwaka 2017 albamu yake ya Uhamiaji ilitoka Uingereza. Kisha likatokea jambo ambalo pengine mzee mwenyewe asingelitarajia. Katika desturi za Wagogo, wanawake hupiga ngoma za muheme, lakini zeze na marimba zilihesabiwa kuwa za wanaume, na kwenye jukwaa la Hukwe wanawake wa familia walikaa zaidi upande wa kuitikia na kucheza. Mwaka 2024 Pendo Zawose na Leah Zawose, wa familia hiyo hiyo, walitoa albamu ya Maisha kwa jina la The Zawose Queens, kupitia Real World, kampuni iliyotoa Chibite miaka 28 kabla yake. Wao ndio wanaoongoza uimbaji, na ala zilizokuwa za wanaume sasa zimo mikononi mwao.